Miguu ya mbio, kinga ya baba: ninavyojitayarisha kwa njia ya Likasi

Tangu ilipojulikana kwamba katika likizo kubwa nitakwenda Likasi kwa kinga, nimeulizwa maswali sokoni, kanisani na hata katika likelemba yetu. Wengine wanauliza kama pesa ya gari imekosa. Wengine wanauliza kama mume wangu anajua. Mama mmoja aliniuliza jambo lililo karibu zaidi na ukweli: "Wewe unayekimbia kila asubuhi, kuna nini tena cha kujifunza? Miguu si ni ile ile?" Nimeona vema nijibu wote katika gazeti letu, kwa sababu majibu yenyewe yanaweza kumsaidia mama mwingine, hata kama hana nia ya kwenda mbali.

Kwanza sababu. Baba yangu alifariki mwaka jana, na mwezi wa nane familia itakutana Likasi kuondoa matanga. Aliacha nyumba, redio, na kinga moja nyeusi ya kiume, yenye chuma kirefu katikati. Kwa kinga hiyo alikwenda kazini karibu miaka 20, na kwa kinga hiyo alitupeleka shuleni, mmoja mbele juu ya chuma, mwingine nyuma. Siku ya kugawa vitu, wajomba na baba wadogo walisema kinga iuzwe, kwa kuwa kaka zangu wote wawili wana pikipiki. Nilisema ninaitaka mimi. Baba mdogo akacheka, akasema kinga ya mwanaume haikai na binti. Mama yangu alikuwa kimya tangu asubuhi. Akasema neno moja tu: "Mpeni." Basi ikaletwa Lubumbashi juu ya lori, na sasa inangoja kurudi Likasi. Nataka irudi ikiwa inatembea, si ikiwa imefungwa kamba juu ya mizigo ya watu.

Hiyo ndiyo sababu. Sasa nije kwa lile swali la miguu.

Moyo uko tayari, mwili mwingine bado

Nimekimbia miaka sita sasa, mara nne kwa wiki, mapema kabla ya kwenda kufundisha. Kukimbia kumenipa moyo na mapafu. Mtu anayekimbia saa moja bila kusimama, pumzi yake inatosha kwa kinga, na hilo ni faida kubwa. Lakini faida hiyo ina hatari ndani yake. Pumzi inapokuwa nzuri, mtu anadhani mwili wote uko tayari, naye anapita kipimo.

Katika mbio, kila hatua mguu unapokea uzito wa mwili mara mbili au tatu. Ndiyo maana mkimbiaji anachoka kwenye visigino, mifupa ya mbele ya miguu na magoti. Juu ya kinga hakuna kugonga chini. Uzito unakaa kwenye kiti, mikono na pedali. Kazi inakwenda kwenye mapaja ya mbele na matako, na ni kazi ya kusukuma, si ya kuruka. Kwa hiyo sehemu zinazolia ni nyingine kabisa: mifupa miwili ya kukalia, viganja vya mikono, mabega na shingo. Katika wiki ya kwanza pumzi yangu haikusumbuka hata kidogo, lakini baada ya kilometa 15 vidole viwili vya mkono wa kushoto vilikuwa na ganzi. Dawa yake ni nyepesi: kubadilisha mahali pa kushika kila dakika chache, kukunja viwiko kidogo, na kutobeba kifua chote juu ya mikono.

Jambo la pili ambalo mkimbiaji anapaswa kujua ni mwendo wa miguu. Kinga ya baba haina vyuma vya kubadilisha nguvu. Ina mwendo mmoja tu. Penye mteremko miguu inazunguka haraka, penye mlima kila pedali inakuwa nzito kama kunyanyua gunia. Mtu mwenye moyo wa mbio anapenda kushindana na mlima. Hapo ndipo magoti yanapoharibika. Wauza makala wanaotoka porini na magunia mawili au matatu nyuma ya kinga wanajua zaidi. Wakifika kwenye mlima wanashuka na kusukuma, bila haya. Mmoja wao, mzee ninayekutana naye asubuhi nikikimbia, aliniambia: "Madamu, mlima haukuulizi kama ulipanda au ulisukuma." Nimelichukua neno hilo kama sheria ya safari.

Kiti na goti

Kitu cha kwanza nilichofanya ni kuipeleka kinga kwa fundi wa mtaa. Mpira wa nyuma ulikuwa umepasuka pembeni, mnyororo ulikuwa umelegea, na freni za mbele zilishika upande mmoja tu. Hayo ni mambo ya pesa na nusu siku. Kazi kubwa ilikuwa kiti.

Baba alikuwa mrefu, na kiti chake kilikuwa juu kwa kipimo cha miguu yake. Mtu akikaa kwenye kiti kilicho juu mno, kiuno kinayumba kulia na kushoto kutafuta pedali, na maumivu yanakuja nyuma ya goti. Kiti kikiwa chini mno, maumivu yanakuja mbele ya goti. Kipimo ambacho kila mama anaweza kukitumia ni hiki. Kaa juu ya kiti huku mtu ameshika kinga. Shusha pedali moja mpaka chini kabisa, kisha weka kisigino juu yake. Mguu unyooke. Halafu uweke ile sehemu pana ya mbele ya mguu, ambayo ndiyo ya kusukumia: goti sasa litakuwa limekunjika kidogo tu. Hapo kiti kiko sawa.

Chuma cha kiti kilikuwa kimeshikwa na kutu kwa miaka. Fundi alimwaga mafuta, akangoja mpaka kesho yake, akagonga pole pole, na mwisho kikashuka vidole vinne. Kabla hajakaza, nilimwomba achore alama kwa msumari mahali kiti cha baba kilipokuwa. Alifanya bila kuuliza.

Wiki kumi na mbili

Nimepanga wiki 12, kuanzia mvua zilipokwisha. Sikuacha mbio, nimezipunguza kutoka mara nne mpaka mbili kwa wiki, ili miguu isisahau. Siku mbili ni za kinga kwa muda mfupi, dakika 40 au saa moja baada ya masomo. Jumamosi ni safari ndefu ya wiki. Nilianza na kilometa 15, kisha 20, 25, halafu wiki moja nikarudi 15 ili mwili upumzike. Baadaye 30, 40, 50. Kuongeza kidogo kidogo na kupumzika kila wiki ya nne ni kanuni ile ile ya mbio, na ni kanuni ile ile ya darasani: mtoto hapewi kugawanya kabla hajajua kuzidisha.

Jumamosi iliyopita nilikwenda Kipushi na kurudi, karibu kilometa 60, pamoja na kaka yangu mdogo aliyeazima kinga ya jirani. Kesho yake, Jumapili baada ya misa, nilipanda tena kilometa 20 bila haraka. Siku ya pili ndiyo mwalimu. Kukaa kwenye kiti kile kile wakati mifupa ya kukalia bado inakumbuka jana ni jambo linalohitaji kuzoewa kabla ya safari.

Kula kabla ya njaa

Mkimbiaji wa saa moja anaweza kuondoka na tumbo tupu akarudi akiwa mzima. Juu ya kinga kwa saa nne au tano haiwezekani. Baada ya saa moja na nusu au mbili akiba ya nguvu iliyo katika misuli inaanza kupungua, na ikimalizika mtu anatetemeka, anaona giza, hata miguu inakataa. Kwa hiyo tunakula kabla ya njaa, kidogo kila nusu saa: ndizi, kiazi kitamu kilichochemshwa, kipande cha muhogo, njugu kidogo. Bukari na sombe tunaziacha kwa jioni, kwa sababu tumbo zito na pedali havipatani.

Maji ni nusu lita kila saa, na zaidi jua linapopanda. Katika chupa ya pili ninaweka maji ambayo kila mama anayajua kwa mtoto mwenye kuhara: lita moja ya maji safi yaliyochemshwa, vijiko vidogo 6 vya sukari visivyo na kilima, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Mwili unaotoa jasho jingi unapoteza chumvi pia, na maji matupu hayairudishi. Chumvi isizidi, sukari isizidi. Mkono usipime kwa macho.

Mambo yetu sisi wanawake

Hapa nitasema wazi, kwa sababu wamama wengi wameniuliza kwa sauti ya chini.

Je, kinga inaharibu kizazi? Hapana. Mama yangu aliambiwa hivyo na bibi yake, nami niliambiwa na mama. Nilikwenda kumwuliza muuguzi wa kituo chetu cha afya. Alisema kupanda kinga hakumzuii mwanamke kuzaa. Mwenye mimba, au aliyejifungua karibuni, au aliyepasuliwa, aulize kwanza kituoni.

Kinachoumiza kweli ni msuguano. Kiti chembamba kinabana mahali laini, kwa hiyo tunataka kiti chenye upana wa kutosha kubeba ile mifupa miwili. Nguo yenye mshono mnene katikati inachubua ngozi. Ninavaa suruali laini ya kubana, isiyo na mshono mkubwa, napaka mafuta ya mgando mahali panaposuguana, na juu yake ninafunga kitenge kifupi kilichoshonwa pembeni kisiingie kwenye mnyororo. Mara tu ninapofika, ninabadili nguo zenye jasho na kuoga. Kukaa na unyevu ndiko kunakoleta vipele na kuwashwa. Kwa damu ya mwezi, nimehesabu tarehe, na hata hivyo nitabeba vitambaa safi na mfuko wa kuweka vilivyotumika.

Kuhusu watu wanaosema kinga si ya mwanamke, napenda kuwakumbusha jambo la zamani. Mwaka 1894 mama mmoja wa watoto watatu, Annie Cohen Kopchovsky, aliyejulikana kwa jina la Annie Londonderry, alitoka Boston, Marekani, kuizunguka dunia na kinga. Alikuwa mgeni kabisa wa kinga. Aliondoka na sketi ndefu, akaona haifai, akavaa suruali. Mwaka 1895 alikuwa amerudi. Mimi ninakwenda Likasi tu.

Hesabu ya njia

Mume wangu hakukataa. Aliniuliza swali moja, na lilikuwa swali zuri: "Utafika kabla ya giza?" Basi nilifanya hesabu, na nikaipeleka darasani kuwa zoezi.

Kutoka Lubumbashi mpaka Likasi ni karibu kilometa 120. Kwa kinga ya baba, yenye uzito karibu kilo 20 na mzigo nyuma, mwendo wangu wa Kipushi ulikuwa kilometa 13 kwa saa. 120 kugawanya kwa 13 ni saa 9 na robo. Ongeza mapumziko ya dakika 10 kila saa, ongeza nusu saa ya chakula: tunapita saa 11. Mwezi wa nane mwanga wa jua hapa kwetu ni kama saa 11 na nusu. Mtoto mmoja wa mbele akainua mkono: "Madamu, na mpira ukipasuka?" Darasa zima likanyamaza.

Jibu lilikuwa wazi ubaoni. Safari ya siku moja inawezekana tu kama hakuna kitu kinachoharibika, na hiyo si hesabu ya barabara. Kwa hiyo tutakwenda siku mbili, kilometa 60 kila siku, na kulala katikati kwa familia ya mwanachama mwenzetu mmoja. Kila siku tutaondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, jua likishatoka, na tutakuwa tumefika kabla ya saa nane. Mume wangu aliitazama hesabu, akasema sawa. Kisha akanunua mwenyewe taa nyekundu ya nyuma.

Njia yenyewe ni barabara ya taifa namba 1, ile inayotoka Banana baharini, inapita Kinshasa na kuja mpaka Kasumbalesa. Ni barabara ya malori. Yaliyobeba shaba na kobalti yanatoka Kolwezi na Likasi kuelekea mpakani, maana yake tutakutana nayo uso kwa uso. Yale matupu yanapanda upande wetu, na tupu linakwenda kasi kuliko lililobeba. Mengi yanatoka nchi ambako watu wanaendesha upande wa kushoto, na usukani wake uko kulia. Dereva wa namna hiyo yuko karibu nasi na anatuona, lakini akitaka kupita gari jingine haoni vizuri mbele. Basi sheria zetu ni hizi: kaka yangu nyuma, mimi mbele, mmoja mmoja, kilemba cheupe na fulana ya rangi kali, lori mbili zikikutana karibu nasi, tunashuka pembeni na kusimama. Pale lami inapokatika na kuacha ngazi kuelekea vumbi, tunashuka kabla ya kulazimishwa. Hakuna masikio yaliyozibwa na muziki.

Kiangazi kinatusaidia. Upepo wa majira haya unatoka kusini-mashariki, na Likasi iko kaskazini-magharibi, kwa hiyo utatusukuma mgongoni. Asubuhi baridi inashuka chini ya nyuzi 10, ndiyo maana tuna sweta ya kuvua baadaye. Moshi wa pori linalochomwa unawasha macho na kifua. Tukikuta moto karibu na barabara, tutangoja upite. Kurudi Lubumbashi tutapanda gari, kinga ikiwa juu. Sitashindana na upepo kwa ajili ya sifa.

Katika mfuko wa nyuma kuna mpira wa ndani mmoja mpya, viraka na gundi, pampu, ufunguo wa magurudumu, kamba ya mpira, sabuni, dawa ya jeraha na bandeji, karatasi yenye namba za simu za nyumbani, na pesa kidogo iliyogawanywa mahali pawili. Kutoa gurudumu, kutafuta tundu kwa maji ya beseni na kubandika kiraka nimejifunza kwa fundi, na nimerudia nyumbani mara tano. Binti yangu wa miaka tisa sasa anafanya haraka kuliko mimi.

Kilichobaki

Kimebaki kitu kimoja kisichoingia kwenye mfuko. Wiki iliyopita nilimpigia mama simu kumwambia tarehe. Alinyamaza muda mrefu, nikadhani mtandao umekata. Kisha akauliza, "Ulishusha kiti?" Nikamwambia nilikishusha vidole vinne. Akasema, "Baba yako alikataa kukishusha miaka yote. Nilikuwa nataka kujifunza." Sikujua. Miaka yote ile nilimwona mama akiisukuma kinga ile kwenda kuteka maji, madumu yakiwa yamefungwa pande mbili, na sikuwahi kumwona juu yake.

Mama ana miaka 64 na magoti yake yana maumivu ya baridi. Sijui kama atapanda. Lakini ufunguo wa kiti nimeuongeza kwenye orodha, na mama ni mfupi kuliko mimi.

Wamama wenye kinga nyumbani, iliyoegemezwa ukutani kwa sababu baba watoto amenunua pikipiki, anzeni na kiti. Tafuteni uwanja wa shule siku ya Jumapili, mtu wa kushika nyuma, na nusu saa. Uwanja wa shule yetu uko wazi kila Jumapili saa tisa, na fundi amekubali kuja na pampu yake. Njooni na kitenge kilichoshonwa pembeni.